Kumbukumbu za Bahari Zinazoihusu Thika

Kutoka mtaa wa Kiandutu, Thika, hadi ufuo wa Malindi ni zaidi ya kilomita 400, na mtu anaweza kuishi Thika maisha yake yote bila kuiona bahari. Hata hivyo, joto la Bahari ya Hindi lina sauti kubwa katika kuamua kama mvua fupi za Oktoba hadi Desemba zitakuwa neema, gharika au ukame. Nao udongo unaosombwa kwenye mashamba ya Kiambu husafiri hadi baharini. Alama za joto hilo na za udongo huo zimehifadhiwa pamoja ndani ya matumbawe ya Malindi. Kwa hiyo kumbukumbu za matumbawe ni historia ya watu wa Thika, sawa na reli, katani na kahawa.

Elimu ya kusoma joto la kale ilizaliwa katika maabara. Mwaka 1947 mkemia Mmarekani Harold Urey alipendekeza kwamba viumbe wa baharini wanaojenga magamba ya chokaa huacha humo alama ya joto la maji. Oksijeni ipo ya aina nyepesi na nzito. Maji yakiwa na joto zaidi, ile nzito hupungua katika chokaa. Miaka ya baadaye wanasayansi walipata kipimo cha pili: madini ya strontiamu, ambayo nayo hupungua katika chokaa ya matumbawe kadiri maji yanavyopata joto. Kipimo cha oksijeni huchanganywa na athari za mvua na chumvi, kwa hiyo cha strontiamu husaidia kutenganisha mambo hayo.

Ilibaki kujua miaka. Mwaka 1972 David Knutson, Robert Buddemeier na Stephen Smith walipiga eksirei vipande vya matumbawe kutoka kisiwa cha Enewetak katika Pasifiki, ambako Marekani ilikuwa imejaribu mabomu ya nyuklia. Mionzi ya mabomu ilikuwa imebaki katika matabaka ya matumbawe, na tarehe za milipuko zilijulikana. Ikathibitika kwamba mstari mmoja mzito na mmoja mwepesi ni mwaka mmoja, kama pete za mti. Tumbawe la jamii ya Porites hukua takriban sentimita moja kwa mwaka, kwa hiyo jabali lenye urefu wa mita chache huwa limeishi karne kadhaa.

Matumbawe yaliyokufa zamani hupimwa umri kwa urani inayogeuka polepole kuwa thoriamu. Kwa njia hiyo historia imerudishwa nyuma sana. Mwaka 1976 mradi wa utafiti wa CLIMAP ulidai kwamba bahari za tropiki hazikupoa sana katika zama za barafu. Mwaka 1994 Thomas Guilderson na wenzake walipima matumbawe ya kale yaliyochimbwa chini ya bahari karibu na Barbados, wakapata upoaji wa nyuzi 5 hivi za sentigredi. Tafiti zilizofuata zilipunguza makadirio hayo, lakini wazo kwamba tropiki haibadiliki likavunjika. Mwaka 2001 Sandy Tudhope na wenzake, wakitumia matumbawe ya Papua New Guinea, walionyesha kwamba El Niño, yaani hali ya Pasifiki ya tropiki kupata joto kupita kawaida, imekuwa ikitokea kwa miaka 130,000, hata dunia ilipokuwa na barafu nyingi.

Pwani yetu nayo imesimama juu ya mwamba wa matumbawe ya kale. Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, imekaa juu ya matumbawe hayo na kujengwa kwa mawe yake. Sehemu kubwa ya mwamba huo ni ya takriban miaka 125,000 iliyopita, dunia ilipokuwa na joto na bahari ikapanda mita 6 hadi 9 juu ya usawa wa leo. Kiwanda cha Bamburi kilipoanza kutoa saruji mwaka 1954, kilichimba chokaa hiyo hiyo; kuta nyingi za Kenya zina matumbawe ya kale ndani yake. Ila jiwe lililonyeshewa kwa maelfu ya miaka mara nyingi hubadilika madini na kupoteza alama ya joto, ndiyo maana mtafiti hulikagua kwanza kabla ya kuliamini.

Tumbawe lililo hai halina tatizo hilo, na hapo ndipo Malindi ilipojipatia jina. Mwaka 2000 Julia Cole, Robert Dunbar, Timothy McClanahan na Nyawira Muthiga walichapisha kumbukumbu ya miaka 194, mwaka baada ya mwaka, kutoka tumbawe moja la Malindi. Walikuta kwamba bahari hapo imepata joto la hadi nyuzi 1.3 tangu mwanzoni mwa miaka ya 1800, na kwamba mabadiliko yake huenda sambamba na ya Pasifiki ya tropiki, yaani nyumbani kwa El Niño. Kwa muda mrefu wa kipindi hicho hapakuwa na mtu wa kupima joto la maji hapo kila mwaka. Tumbawe ndilo shahidi.

Shahidi huyo anajua pia habari za bara. Mito ya Ruiru na Ndarugu huteremka kutoka nyanda za juu za Kiambu na kuingia Mto Athi. Athi hupita Fourteen Falls karibu na Ol Donyo Sabuk, huitwa Galana baada ya kukutana na Mto Tsavo, kisha Sabaki unapomwaga maji kaskazini ya Malindi. Tope la mto hubeba madini ya bariamu. Likikutana na maji ya chumvi, bariamu huachiliwa na tumbawe huimeza badala ya kalisi.

Mwaka 2007 Dominik Fleitmann na wenzake walisoma bariamu hiyo katika matumbawe ya Malindi yenye umri wa hadi miaka 300. Kati ya 1700 na 1900 kiwango kilikaa karibu palepale. Kikaanza kupanda mwanzoni mwa karne ya 20, walowezi wa Kiingereza walipoingia na ardhi kulimwa kwa namna mpya. Reli ilifika Thika mwaka 1913, na mashamba ya katani na kahawa yakaenea. Kilele kilikuja kati ya 1974 na 1980: udongo uliofika baharini ulikuwa mara 5 hadi 10 ya kiwango cha asili. Watafiti walitaja ongezeko la watu, ukataji wa misitu, ulimaji usiodhibitiwa na ukame mkali wa mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Wakenya wanaikumbuka El Niño ya 1997 na 1998. Pasifiki ilichemka na wakati huohuo upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ukapata joto kuliko upande wa mashariki, karibu na Sumatra. Mvua ikanyesha hadi barabara na madaraja yakasombwa, na joto hilohilo la bahari likaua sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya mwaka 1998. Mwaka 2019 tofauti ya joto kati ya pande hizo mbili ilirudi kwa nguvu, na Afrika Mashariki ikafurika tena. Katika mtaa kama Kiandutu, wenye nyumba nyingi za mabati na watu wengi wanaotegemea kibarua cha siku, wiki moja ya mafuriko humaanisha kulala maji yakiwa ndani na kuamka bila kazi.

Kaunti zinapopanga mitaro na makazi, zisitazame mvua za miaka 20 tu ilhali bahari imetuwekea hesabu za karne. Walimu wa Thika na Ruiru wawafundishe watoto njia ya udongo wa Kiambu hadi Malindi. Na sisi tunaolima, kujenga au kuchimba mawe kando ya Ndarugu na Ruiru tuuache ukingo wa mto ukiwa na miti. Kila tope tunalolizuia huku ni tope ambalo tumbawe la Malindi halitalazimika kuliandika.