Mahari, Watumwa na Heshima ya Wakilindi

Mwaka 1895 Wajerumani walimnyonga Mputa, mfalme wa Wasambaa. Kosa lake ni kumuua mwanamume aliyetuhumiwa kuzini na mmoja wa wake zake. Machoni pa Wakilindi, ukoo uliotawala milima ya Wasambaa, ambako Lushoto ipo leo, aliyemwendea mke wa Simba Mwene, yaani mfalme, alikuwa ameuvunjia heshima ufalme wenyewe.

Na ufalme huo ulijengwa kwa ndoa. Masimulizi yanasema Mbegha, mwindaji aliyetoka Unguu, alioa katika koo za wenyeji, na wanawe wakatawala huko huko kwa wajomba zao. Bughe, mrithi wake, mama yake alikuwa mtu wa Vugha. Mjukuu wa koo zenu akiwa zumbe, yaani mtawala, mtamtii na mtamlinda. Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, aliifuata njia hiyo kwa upana zaidi: mmisionari Krapf, aliyefika Vugha mwaka 1848 na 1852, alisimulia kwamba wake wa mfalme walikuwa mamia.

Lakini wanawake wa boma la mfalme hawakuwa sawa. Aliyetolewa mahari alikuwa na baba na kaka wa kumtetea, na mwanawe alikuwa na wajomba wa kukimbilia. Aliyetekwa au kununuliwa hakuwa na mtu. Alilima shamba la bwana, akamzalia watoto, na hapakuwa na ukoo ambao ungekuja kudai haki yake. Kwangu mimi, hapo ndipo fahari ya Wakilindi inapopimwa, kuliko katika idadi ya wake.

Biashara ya utumwa ilizidi kuuharibu utaratibu huo wa kutawala kwa ndoa. Semboja, mwana wa Kimweri, alijenga Mazinde, chini ya milima, penye njia ya misafara. Aliuza pembe na watu, akapata nguo, bunduki na baruti. Mwenye bunduki hahitaji tena kubembeleza wakwe. Semboja alimfukuza mfalme Shekulwavu, mtoto wa kaka yake, akamweka Vugha mwanawe mwenyewe, Kimweri Maguvu. Wabondei, waliotawaliwa na Wakilindi na waliochoka kukamatwa na kuuzwa, waliasi na kuwaua Wakilindi wengi. Vita hivyo vinaitwa Kiva. Abdallah bin Hemedi, aliyewahi kuwatumikia watawala hao, aliandika mambo yao katika Habari za Wakilindi.

Baada ya kumnyonga Mputa, Wajerumani walimtawaza Kinyashi, mwana wa Shekulwavu. Waliokuwa wepesi wa kumnyonga mfalme hawakuufuta utumwa. Walitangaza kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Mama zao wengi waliendelea kuwa mali ya watu, na utumwa wenyewe ukabaki halali hadi Waingereza walipoupiga marufuku utumwa Tanganyika mwaka 1922, miaka 27 baada ya Mputa kuuawa.