Sinema bubu za vichekesho katika Gusii

Sinema bubu za vichekesho ni filamu fupi zisizo na sauti, zilizotengenezwa zaidi nchini Marekani kuanzia miaka ya 1910 hadi mwishoni mwa miaka ya 1920. Kicheko chake hutoka mwilini: mtu huteleza, hupigwa teke, hufukuzwa na polisi, huangukiwa na ukuta, kisha huinuka na kujikung'uta. Wenyeji wa vijijini Kenya, wakiwemo Abagusii wa kaunti za leo za Kisii na Nyamira, walizifahamu hasa kupitia magari ya sinema yaliyozunguka masokoni na katika viwanja vya shule, miongo kadhaa baada ya Hollywood kuhamia filamu za sauti.

Asili na muundo

Mack Sennett alianzisha kampuni ya Keystone mwaka 1912. Mwishoni mwa 1913 alijiunga naye Mwingereza Charlie Chaplin, na mapema mwaka uliofuata akajitokeza na mhusika aliyempa umaarufu: mzururaji mwenye kofia ya duara, fimbo, suruali pana na viatu vikubwa. Buster Keaton na Harold Lloyd walimfuata kwa mitindo yao wenyewe. Filamu nyingi za aina hii zilikuwa za mikanda miwili, yaani dakika 20 hivi au zaidi kidogo. Kamera zilizungushwa kwa mkono, na mkanda ulipoonyeshwa kwa kasi kubwa kuliko ile ya kupigia picha, watu walionekana wakikimbia mbio za ajabu.

Katika The Rink (1916), Chaplin ni mhudumu wa hoteli. Mteja wake mnene, aliyeigizwa na Eric Campbell, anapotaka bili, mhudumu hamuulizi alikula nini. Anamkagua mwilini, anasoma madoa na mabaki ya chakula yaliyomganda, huku akiandika bei moja baada ya nyingine. Katika One Week (1920), iliyoongozwa na Keaton pamoja na Edward Cline, bwana na bibi harusi wanapewa nyumba iliyofungwa masandukuni. Hasimu wa bwana harusi anabadilisha namba za masanduku, na nyumba inasimama upande, hadi dhoruba inapoizungusha kama pia. Mtazamaji hasikii neno hata moja, na wala hahitaji kusikia.

Kuingia Kenya

Nairobi ilikuwa na ukumbi wa Theatre Royal tangu 1912, mwaka ambao serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kusimamia michezo ya jukwaani na sinema. Kwa watu wa vijijini, juhudi kubwa ya mwanzo ilikuwa ile ya Bantu Educational Kinema Experiment (1935–1937), iliyokuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Mradi huo ulitengeneza filamu bubu za milimita 16, maelezo yakitolewa kwa santuri katika lugha mbalimbali, na lori lake lilifika Kenya pia.

Mwaka 1939 Uingereza iliunda Colonial Film Unit chini ya William Sellers. Sellers alishikilia kwamba mwanakijiji wa Kiafrika hawezi kufuata filamu ya kasi, kwa hiyo picha ziende polepole, zisikatwekatwe wala zisitumie ujanja wa kamera. Hata hivyo, magari ya sinema yalibeba pia vichekesho vya Chaplin, vilivyojaa kila kitu ambacho Sellers alikikataza, na watu walivifuata bila shida. Nadharia yake ilikanushwa na kicheko cha watazamaji wenyewe.

Onyesho kijijini

Gari la sinema lilikuja na jenereta, projekta, kitambaa cheupe, kipaza sauti na mkalimani. Filamu za kilimo, mifugo na usafi zilimtegemea sana mkalimani, kwani katika eneo la Gusii maelezo yalipaswa kugeuzwa kuwa Ekegusii. Kichekesho kilimpa nafasi ya kupumzika, au ya kutia chumvi apendavyo.

Onyesho lilingoja giza, na katika nyanda hizi za juu, ambako mvua hunyesha sana alasiri, hali ya hewa ilikuwa na usemi mkubwa. Dini pia ilikuwa na usemi wake. Waadventista Wasabato, waliojikita Nyanchwa, Gusii, tangu miaka ya 1910, huanza Sabato machweo ya Ijumaa, na kanisa lao lilikuwa likiwaonya waumini dhidi ya sinema.

Baada ya uhuru wa 1963, magari ya Wizara ya Habari yaliendelea na kazi hiyo, sambamba na kampuni binafsi zilizotangaza sabuni na bidhaa nyingine za nyumbani. Televisheni, iliyoanza nchini mwaka 1962, na baadaye vibanda vya video, ndivyo vilivyopunguza haja ya magari hayo.

Urithi

Kazi ya mkalimani haikufa. Nchini Kenya DJ Afro alijulikana kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili cha mtaani, kama Lufufu alivyofanya Tanzania. Tofauti ni kwamba wao walisemea filamu ambazo tayari zilikuwa na maneno yake, ilhali mkalimani wa gari la sinema aliijaza filamu isiyo na sauti.

Filamu zilizotolewa Marekani kabla ya 1929 hazina tena hakimiliki nchini humo, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 huzilinda filamu kwa miaka 50 tu. Kwa hiyo shule ya Keroka au Nyansiongo, huko Gusii, inaweza kuonyesha The Rink bila kulipia filamu yenyewe, mradi muziki ulioongezwa baadaye usiwe na mwenyewe.