Likizo ya ugonjwa: Haki za mfanyakazi na mipaka ya maswali ya bosi

SIMU ya bosi inapoita saa mbili asubuhi, mfanyakazi aliyelala na homa huwa na mawili ya kufanya: kuipokea na kujieleza kwa sauti iliyokauka, au kuiacha iite hadi ikatike. Wengi huchagua la pili, na hapo ndipo migogoro mingi ya kazini inapoanzia.

Sheria haimtaki mtu aombe radhi kwa kuugua. Inamtaka atoe taarifa na awasilishe cheti. Yeye anayefanya hayo mawili analindwa kwa kiwango ambacho waajiriwa wengi hawakijui, na asiyefanya anaweza kupoteza mshahara, hata kazi yenyewe, ingawa aliugua kweli.

Kwa Tanzania Bara, msingi wa haki hiyo ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Sheria hiyo inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 126 katika kila mzunguko wa likizo. Siku 63 za mwanzo hulipwa mshahara kamili, na siku 63 zinazofuata hulipwa nusu mshahara.

Neno la kuangaliwa hapo ni "mzunguko". Likizo ya mwaka huhesabiwa kwa miezi 12, lakini likizo ya ugonjwa huhesabiwa kwa miezi 36 ya ajira mfululizo. Kwa maana hiyo, siku 126 si za mwaka mmoja bali za miaka mitatu, na aliyezitumia nyingi mwaka wa kwanza hana budi kujua zimebaki ngapi kwa miaka miwili inayofuata. Aidha, siku za mapumziko na sikukuu zinazoangukia ndani ya likizo nazo huhesabiwa. Daktari akitoa mapumziko kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu, zimekwenda siku nne, hata kama ofisi hufungwa Jumamosi na Jumapili.

Chukua mfano wa karani anayelipwa Sh600,000 kwa mwezi, ambaye amevunjika mguu na kulazimika kukaa nyumbani miezi mitatu. Ikiwa hakuwa ametumia siku yoyote ya ugonjwa katika mzunguko huo, siku zake 63 za kwanza atalipwa kana kwamba yuko kazini. Baada ya hapo mshahara wake unashuka hadi kiwango cha Sh300,000 kwa mwezi, huku kodi ya nyumba na nauli za kliniki zikibaki zilezile.

Haki hiyo, hata hivyo, si ya kila mtu tangu siku ya kwanza. Aliyefanya kazi kwa muda usiofika miezi sita hastahili likizo yenye malipo chini ya sheria hiyo, isipokuwa wa kazi za msimu, au aliyeajiriwa zaidi ya mara moja ndani ya mwaka na mwajiri yuleyule, na jumla ya muda wake ikapita miezi sita. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, Namba 11 ya mwaka 2005, na watumishi wa umma wa Bara huongozwa pia na Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009.

Ng'ambo ya mpaka hali ni tofauti. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili kazini angalau siku saba zenye mshahara kamili na siku saba nyingine zenye nusu mshahara katika kila miezi 12. Anayehamishwa na kampuni yake kutoka Dar es Salaam kwenda Nairobi kwa mkataba mpya asidhani kwamba amehama na siku zake 126.

Karatasi inayobeba uzito katika jambo hili ni cheti cha daktari, ambacho maofisini kimezoeleka kwa jina la ED. Mwajiri halazimiki kulipa siku za ugonjwa ikiwa mfanyakazi ameshindwa kuwasilisha cheti. Sheria inataja cheti cha daktari aliyesajiliwa, au cha mtaalamu mwingine wa tiba anayekubaliwa na mwajiri, na inaongeza kwamba mwajiri hapaswi kukikataa bila sababu ya msingi. Kipengele hicho ni muhimu kwa wale wanaotibiwa katika zahanati za mitaani, ambako anayemwona mgonjwa mara nyingi ni tabibu na si daktari mwenye shahada.

Kuna wanaonunua karatasi hizo bila kuugua. Hao wanapaswa kujua kwamba kughushi ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, na kwamba ofisa utumishi anaweza kupiga simu hospitali na kuuliza kama cheti chenye namba fulani kilitolewa hapo. Ubaya wao hauishii kwao: mwajiri aliyedanganywa mara moja huanza kumtilia shaka hata yule anayetapika kwelikweli.

Kosa la kawaida zaidi ni kimya. Mfanyakazi anaugua Jumatatu, anatumaini kupona Jumanne, Jumatano anaona aibu kupiga simu kwa kuwa amechelewa, na wiki inakatika. Kwa mujibu wa Kanuni za Utendaji Bora zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Namba 42 la mwaka 2007, kutokuwapo kazini kwa zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa au sababu inayokubalika ni miongoni mwa makosa mazito yanayoweza kumfukuzisha mtu kazi.

Taarifa yenyewe haihitaji ufasaha. Ujumbe wa simu wa asubuhi ileile unatosha kwa kuanzia: "Shikamoo mzee. Sijisikii vizuri, naelekea hospitali. Nikitoka nitakujulisha daktari amesemaje. Funguo za stoo anazo mwenzangu." Una salamu, una sababu, una ahadi ya taarifa nyingine, na kazi haikuachwa yatima. Zaidi ya yote, unabaki kwenye simu na saa yake, jambo ambalo maneno ya mdomo aliyotumwa mwenzako kuyafikisha hayawezi kufanya.

Linalowatatiza wengi ni swali linalofuata: "Unaumwa nini hasa?"

Si kila bosi anayeuliza hivyo ana nia mbaya. Kumjulia hali mgonjwa ni wajibu katika jamii zetu, na mkuu wa idara asiyeuliza chochote ndiye angesemwa kuwa hana utu. Wapo wanaofunga safari kwenda nyumbani kwa mgonjwa na matunda mkononi, na wapo wanaomtafutia gari la kumpeleka hospitali. Tatizo huanza pale pole inapogeuka mahojiano, au pale jina la ugonjwa lililotajwa kwa siri linapozunguka ofisi nzima kabla ya saa ya chai.

Namna ya kulipima swali hilo ni kutazama linahitajika kwa kazi gani. Mwajiri ana sababu halali ya kujua mfanyakazi atakosekana kwa muda gani, akirudi ataweza kufanya nini, na kama kuna hatari kwa wenzake. Jina la ugonjwa, dawa na majibu ya maabara ni mambo mengine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, zinazohitaji ulinzi mkubwa zaidi kuliko jina au namba ya simu.

Kwa upande wa virusi vya Ukimwi, sheria ni kali zaidi. Sheria ya mwaka 2008 ya kudhibiti ugonjwa huo inakataza kumlazimisha mtu kupima na inalinda usiri wa majibu yake, na sheria ya ajira nayo inakataza ubaguzi kwa misingi ya VVU au ulemavu. Bosi anayedai majibu ya kipimo hicho kama sharti la kumrudisha mtu kazini hana pa kusimama.

Hiyo haina maana kwamba kila uchunguzi wa afya kazini unaweza kukataliwa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inataka wafanyakazi wapimwe kabla ya kuanza kazi na kwa vipindi baada ya hapo. Lengo ni kuona kama mtu anafaa kwa kazi hiyo, na kama kazi yenyewe ndiyo inayomdhuru.

Kumjibu bosi bila kumkosea heshima kunawezekana. "Nashukuru kwa kunijali, mama. Daktari amesema nipumzike siku tano, na nikirudi nisinyanyue vitu vizito kwa wiki mbili" ni jibu linalompa anachohitaji ili apange kazi. Mwenye ugonjwa wa kudumu, kama kisukari au shinikizo la damu, anaweza kuona ni busara kumweleza mtu mmoja anayemwamini, ili siku akianguka ofisini wajue la kufanya. Uamuzi huo ni wake.

Endapo maradhi yametokana na kazi yenyewe, hesabu inabadilika. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi mwaka 2015, hulipa fidia kwa ajali na magonjwa yanayotokana na kazi. Kwa hiyo ni kosa kukubali kuandikiwa likizo ya kawaida ya ugonjwa wakati mkono umekatwa na mashine ya kiwanda. Ajali ya namna hiyo iripotiwe kwa mwajiri mara moja, kwa maandishi.

Je, siku 126 zikiisha kabla ya kupona? Mwajiri anaweza kufikiria kusitisha ajira, lakini kanuni za mwaka 2007 zinamtaka kwanza achunguze chanzo na ukubwa wa tatizo, kama ni la muda au la kudumu, na kama kazi inaweza kurekebishwa au mfanyakazi kupewa nyingine iliyo nyepesi. Mfanyakazi naye ana haki ya kusikilizwa, akisaidiwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mwenzake wa kazini.

Anayeona ameachishwa isivyo halali hupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Migogoro mingine, kama ya mshahara wa siku za ugonjwa ambao haukulipwa, hupelekwa ndani ya siku 60. Aliyechelewa kwa sababu alikuwa kitandani anaweza kuomba aongezewe muda, na katika ombi hilo ataambatanisha vyeti vilevile vya hospitali, ndiyo maana kila kinachopelekwa ofisini kitolewe kwanza nakala, na nakala hiyo ibaki nyumbani.