Ainodi

Ainodi ni rekodi ndogo inayohifadhi kwenye diski metadata ya faili moja, katika mifumo ya faili yenye asili ya Unix. Ilianzia kwenye kazi ya Ken Thompson na Dennis Ritchie katika Bell Labs, Marekani, na baadaye ikarithiwa na mifumo ya Linux, ikiwemo ext2 ya mwaka 1993.

Ainodi hutunza aina ya faili, mmiliki, ruhusa, ukubwa, nyakati za kusomwa na kubadilishwa, na idadi ya majina yanayoielekea. Jina lenyewe halimo: hukaa kwenye saraka, likiwa na namba ya ainodi kando yake. Utengano huu ndio kiini cha muundo mzima, kwani faili moja yaweza kuwa na majina kadhaa, na kubadili jina hakugusi data.

Ainodi ya kawaida ya ext2 ina baiti 128, na ndani yake vielekezi 15. Vile 12 vya kwanza huonyesha bloku za data moja kwa moja. Bloku zikiwa za baiti 4,096, vinatosha faili ya baiti 49,152. Cha 13 huelekeza kwenye bloku iliyojaa vielekezi 1,024, cha 14 huongeza ngazi ya pili, na cha 15 ya tatu.

Katika ext2 na ext4, idadi ya ainodi hupangwa mfumo wa faili unapoundwa. Zikiisha, faili mpya haiundiki hata kama diski ina nafasi tele.