Mlango wa Moyo Ulioshuka: Kutoka Breslau hadi Kilwa

Moyo una milango minne, maarufu kama valvu, inayoruhusu damu iende mbele isirudi nyuma. Katika kasoro ya Ebstein, mlango kati ya vyumba viwili vya kulia huumbika ukiwa umeshuka, ndimi zake zimeng'ang'ania ukuta wa moyo. Damu huvuja kurudi juu. Pakiwepo tundu kati ya vyumba vya juu, damu isiyosafishwa huingia mwilini, na mtoto hubadilika rangi kuwa ya buluu. Kwa ngozi nyeusi shavu halisemi kitu. Ni lazima atoe ulimi, atazamwe fizi na kucha.

Kasoro hii ni adimu, haifiki hata 1 katika kila kasoro 100 za moyo za kuzaliwa nazo. Daktari Wilhelm Ebstein aliieleza mwaka 1866 katika mji wa Breslau, baada ya kuchunguza maiti ya kibarua wa miaka 19. Mwaka 1963, madaktari Christiaan Barnard na Velva Schrire wa Cape Town waliandika kuhusu kuweka mlango wa bandia. Ulikuwa ukombozi, ila wenye gharama: mlango wa bandia wa chuma hudai dawa ya kuzuia damu kuganda na vipimo vya damu maisha yote, na hauongezeki mtoto anapokua. Kwa hiyo kazi ya daktari José Pedro da Silva wa Brazili, iliyoanza 1993, ina uzito wa pekee. Yeye hubandua ndimi za mlango wa mgonjwa mwenyewe, huzizungusha na kuzishona mfano wa pia, kisha huurudisha mlango mahali pake.

Tanzania ilianza upasuaji wa kufungua moyo katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2008. Kabla ya hapo rufaa ilikuwa ng'ambo, hasa India. Watoto wengine walipelekwa Holon, Israeli, na shirika la hisani la daktari Amram Cohen. Mwaka 2015 ikaundwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete.

Kwa mtoto wa Kikole, wilayani Kilwa, safari ya kwenda Dar es Salaam ilikuwa ndefu tangu zamani, na ikabaki hivyo. Hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa 2003, Mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni. Hata baada ya daraja, Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Dar es Salaam ilikatika Somanga. Kwa aliyeshonewa mlango wake mwenyewe, kukwama huko ni kliniki iliyoahirishwa. Kwa mwenye mlango wa chuma, ni siku bila kipimo, pengine bila dawa.