Upekuzi na Hati Yake

Fikiri, msomaji, kwamba masomo umekwisha maliza, nawe umeajiriwa karani katika ofisi moja mjini. Asubuhi moja, chai yako haijapoa bado, mlango wafunguliwa na watu watatu waingia. Mmoja asema kwamba wao ni wa serikali. Wafungua makabati, watia majalada katika gunia, wabeba tarakilishi iliyo mezani pako, kisha waenda zao. Hawakuonyesha karatasi yo yote, wala hawakuacha karatasi yo yote. Jioni bwana wa ofisi akuuliza ni vitu gani vilivyochukuliwa, nawe huna la kumjibu ila lile unalolikumbuka. Na ikiwa kesho itasemwa mahakamani kwamba barua mbaya ilionekana katika mtoto wa meza yako, utatoa ushahidi gani kwamba haikuwamo?

Askari afuataye sheria hufanya vingine. Kwa kawaida huja na hati ya mahakama mkononi, na aondokapo huacha orodha ya vitu alivyovichukua. Usidhani kwamba karatasi hizo mbili zilitungwa na makarani wapendao kuandika tu. Zina historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilianzia katika kiwanda cha kupiga chapa.

Tarehe 23 Aprili 1763 gazeti moja dogo la London, jina lake The North Briton, lilitoa toleo lake la 45. Ndani yake hotuba ya Mfalme George wa Tatu ilichambuliwa kwa maneno makali. Mwandishi hakutia jina lake, lakini watu wengi walimdhania John Wilkes, mjumbe wa Bunge, na kweli alikuwa yeye. Waziri wa Serikali, Lord Halifax, alikasirika, akatoa hati ya kuwatafuta watungaji, wapiga chapa na watangazaji wa gazeti hilo, wakamatwe pamoja na karatasi zao. Itazame hati hiyo kwa makini. Haikutaja jina la mtu hata mmoja, wala nyumba, wala kitu. Mwenye kuichukua aliweza kuingia po pote alipoona vema. Hati ya namna hiyo iliitwa hati ya jumla.

Wajumbe wa Mfalme wakaenda nayo. Usiku wakamtoa kitandani mpiga chapa aitwaye Dryden Leach, wakawakamata na wafanya kazi wake. Kumbe walikosea! Leach alikuwa amewahi kupiga chapa toleo jingine la gazeti lile, lakini hilo la 45 halikutoka kwake. Kwa siku chache walikamatwa watu 49, na wengi wao hawakujua lo lote. Nyumbani kwa Wilkes makufuli yalivunjwa, na karatasi zake zikatiwa guniani.

Miongoni mwa wafanya kazi wa Leach alikuwamo kijana mmoja, William Huckle, ambaye mshahara wake ulikuwa gini moja kwa juma, yaani shilingi 21. Alizuiliwa muda wa saa sita hivi. Hakupigwa, alipewa nyama na bia, na mjumbe aliyemshika alimtendea kwa upole. Wengine wangalishukuru, wakarudi kazini. Huckle alimshitaki mjumbe yule. Juri, yaani wale raia 12 waapishwao ili waamue ukweli wa mambo, wakampa fidia ya paundi 300, mshahara wa miaka mitano na zaidi. Mawakili wa upande wa pili wakalia kwamba fedha hizo zimezidi mno, kwa kuwa madhara aliyoyapata yalikuwa madogo. Jaji Mkuu Charles Pratt alikataa kuipunguza. Juri, alisema, hawakupima bia na saa sita. Walipima jambo la kuingia katika nyumba ya mtu kwa hati isiyo na jina ili kutafuta ushahidi. Kwangu mimi, kesi hii ya kijana wa gini moja yapendeza kuliko ile ya Wilkes mwenyewe, aliyepata paundi 1,000 katika Desemba ya mwaka ule ule, kwa sababu Wilkes alikuwa mtu wa makelele na rafiki wengi, lakini Huckle hakuwa na kitu ila kazi yake.

Kesi iliyofuata ndiyo kubwa kuliko zote. John Entick alikuwa mwalimu na mwandishi wa vitabu. Tarehe 11 Novemba 1762, kabla ya mambo ya Wilkes, Nathan Carrington na wajumbe wengine watatu waliingia nyumbani kwake, mahali alipoandikia, wakakaa saa nne. Walivunja makufuli, wakafungua masanduku na watoto wa meza, wakasoma karatasi zake za siri, wakachukua mamia ya kurasa. Nami niliye mwalimu siwezi kusoma habari hii bila kufikiri madaftari yangu mwenyewe, barua za nyumbani na mashairi mabaya niliyoyaandika ujanani, yakisomwa na wageni wanne kwa saa nne.

Hati yao ilimtaja Entick kwa jina, kwa hiyo haikuwa na kosa lile la hati ya jumla. Lakini iliwaruhusu kubeba karatasi zake zote, za hatia na zisizo na hatia. Mwaka 1765 Pratt, ambaye sasa alikuwa amepewa cheo cha Lord Camden, alitoa hukumu. Aliuliza: ni sheria gani impayo Waziri mamlaka hayo? Ikiwa ipo, na ionyeshwe katika vitabu. Haikuonekana. Basi, akasema, kama haimo vitabuni, haipo, na mjumbe ameingia kama mtu ye yote aingiaye katika ardhi ya mwenzake bila ruhusa. Serikali ilidai kwamba mamlaka hayo ni ya lazima kwa usalama wa nchi, naye hakukubali kwamba haja ya serikali ni sheria.

Lakini kuna sehemu ya hukumu hiyo isiyotajwa sana, nayo ndiyo nitakayo uikumbuke. Camden aliutazama upekuzi wenyewe ulivyofanywa. Alilinganisha na hati ya kutafuta mali iliyoibwa: hapo lazima mtu aape kwanza kwamba ameibiwa, na kwamba ana sababu ya kuamini kuwa mali iko mahali fulani. Hapa palikuwa hapana kiapo. Karatasi zilichukuliwa pasipo shahidi, wala orodha haikuandikwa. Akasema kwamba mjumbe mwenye tamaa angaliweza kutia mfukoni hata noti ya benki, wala asipatikane mtu wa kuthibitisha ni nani aliyeichukua, wala ni nini kilichochukuliwa. Waona, msomaji? Orodha humlinda mwenye nyumba asiibiwe, na humlinda askari mwaminifu asisingiziwe wizi.

Sasa tuvuke bahari na karne. Katika mwezi wa Februari 1919, huko Marekani, Frederick Silverthorne na baba yake, wenye kampuni ya mbao, walikamatwa nyumbani asubuhi mapema. Walipokuwa kizuizini, maofisa wa serikali walikwenda ofisini kwao bila hati yo yote wakazoa vitabu na karatasi zote walizozikuta. Mahakama ikaamuru virudishwe. Vikarudishwa, lakini vilikuwa vimekwisha pigwa picha, na kwa kutumia yale waliyoyajua kutoka katika picha hizo wakataka kampuni iamriwe kuzileta tena zile karatasi za asili, safari hii kwa njia halali! Kampuni ilikataa, ikatozwa faini, na Silverthorne akafungwa. Mwaka 1920 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ikafuta hukumu hiyo. Jaji Holmes alieleza kwamba serikali haiwezi kutumia maarifa iliyoyapata kwa kosa lake yenyewe. Jambo hilo ni zito zaidi siku hizi, kwa maana kitabu kikirudishwa huonekana kimerudi, lakini nakala ya tarakilishi haiachi pengo katika kabati.

Nchini kwetu sheria ya Uingereza ililetwa kwa amri ya mwaka 1897. Usifikiri kwamba ulinzi wa Huckle na Entick ulishuka nao melini ukamfikia kila mtu. Wakati wa Hali ya Hatari, Mkikuyu mmoja aitwaye Kuruma, mwana wa Kaniu, alikuwa akienda kwao kwa baiskeli, naye akasimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani. Askari walisema walimkuta na risasi mbili na kisu cha mfukoni. Mwenyewe alikana kuwa na risasi. Kanuni za Hali ya Hatari zilitaka mpekuzi awe na cheo cha inspekta msaidizi au zaidi, na askari wale hawakuwa nacho. Kisu hakikuletwa mahakamani. Hata hivyo Kuruma alihukumiwa kufa, na mwezi wa Desemba 1954 mahakama ya rufani ya London ikasema kwamba ushahidi ukihusu kesi hukubaliwa, bila kuuliza sana ulivyopatikana. Mwingereza wa gini moja alilipwa paundi 300 kwa saa sita. Kuruma alipekuliwa na mtu asiyeruhusiwa, na upekuzi huo huo ukamtia hatiani.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iligeuza njia. Kifungu cha 31 kinampa kila mtu haki ya faragha, asipekuliwe mwili, nyumba wala mali ovyo, wala mawasiliano yake yasiingiliwe. Kifungu cha 50 chaamuru kwamba ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki za mtu utupwe, kama kuukubali kutaharibu haki katika kesi au utoaji wa haki kwa jumla. Hati ya upekuzi hutolewa na mahakama baada ya maelezo ya kiapo, na kwa kawaida hutumiwa kati ya kucha na kuchwa kwa jua, ila mahakama ikiruhusu saa nyingine. Ni kweli kwamba sheria yamruhusu polisi kuingia bila hati penye haraka ya pekee, na hapo ndipo ugomvi mwingi huzuka.

Je, yule ofisa mwema ajaye ofisini kwako afanye nini? Kwanza aonyeshe hati, uisome. Kisha chumba kipigwe picha kabla kitu hakijaguswa: meza, nyaya, kioo cha tarakilishi kama kilivyo. Kila kitu kiandikwe, aina yake, namba yake, mahali kilipokuwa, saa kilipochukuliwa na jina la aliyekichukua. Kitiwe katika mfuko, mfuko utiwe lakiri. Na kila kikabidhiwapo kwa mtu mwingine, wote wawili watie sahihi. Tarakilishi ina shida yake, kwa kuwa kuiwasha tu huweza kubadili yaliyomo. Kwa hiyo mtaalamu hunakili diski yote kwa chombo kisichoruhusu kitu kuandikwa juu yake, kisha programu husoma nakala na asili, na kuzipigia hesabu hadi ipate tarakimu moja ndefu. Zikilingana, nakala ni sawa. Herufi moja ikibadilika, tarakimu hugeuka kabisa. Tarakimu hiyo huandikwa kumbukumbuni, na mahakamani huulizwa tena.

Sheria ya mwaka 2018 juu ya makosa ya tarakilishi yataka orodha ya vyombo na habari zilizochukuliwa, pamoja na tarehe na saa. Nakala ya orodha hiyo hupewa mwenye mahali, nawe, karani, ndiwe utakayeipokea, uisome mstari kwa mstari ukiilinganisha na meza iliyo tupu mbele yako.