Ambulensi ya Gavana
Gavana wetu wa kwanza alipokata utepe wa ambulensi mpya, tulipiga vigelegele. Katiba ya 2010 ilikuwa imezipa kaunti kazi hiyo, na Kifungu cha 43 kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Tukadhani imeisha hivyo.

Halafu Oktoba 2015, kule Nairobi, jamaa aliyegongwa na gari akakaa ndani ya ambulensi saa 18, akisubiri kitanda cha wagonjwa mahututi. Alifariki. Gari lilikuwepo, kitanda ndicho kilikosekana.

Siku hizi nikiona utepe nauliza maswali ya kuboesha: nani anashika simu usiku? Nani anajua kitanda kiko wapi? Mamangu alipozidiwa, namba iliyochorwa ubavuni mwa ambulensi yetu iliita hadi ikakatika. Tulimpeleka na Probox ya jirani.